Moyo Una Ugonjwa na Hofu Nayo Ipo

Mtu mwenye moyo mzima akishikwa na hofu ya maradhi, daktari anaweza kumwambia "vipimo viko sawa, rudi nyumbani," naye akatulia. Sisi ambao moyo una kasoro kweli hatuambiwi hivyo. Majibu ya eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, yanasema wazi kwamba mlango mmoja wa moyo umebana. Moyo ukianza kwenda mbio usiku wa manane, una sababu ya kuogopa, na anayekwambia "hayo ni mawazo tu" hakusaidii. Ugonjwa upo na hofu ipo, na kila kimoja kinataka tiba yake. Hofu haitibiwi kwa kipimo kingine.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Tatizo langu ni la vali, yaani huo mlango wa moyo, na chanzo chake ni homa ya baridi yabisi ya utotoni. Koo linashambuliwa na bakteria, halitibiwi vizuri, halafu kinga ya mwili inageuka na kuushambulia moyo wenyewe. Wengi wetu tunakuja kugundulika ukubwani, na wanawake mara nyingi tukiwa wajawazito, kwa sababu ujauzito unaongeza damu mwilini na mlango uliobana unashindwa kuipitisha. Nachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, nameza vidonge, nahudhuria kliniki. Hayo yote yanahusu moyo. Kuhusu hofu hakuna aliyeniuliza, mpaka nilipolianzisha mwenyewe.

Hofu hii ina tabia yake. Mguu uko kwenye pedali, kitenge kiko chini ya sindano, mara mkono wa kushoto unajipeleka wenyewe shingoni kutafuta mshipa. Mguu unasimama. Unahesabu: 84. Unasema labda umekosea, unahesabu tena: 92. Sasa jasho linatoka viganjani, na hesabu inayofuata ni zaidi ya 100. Ukiogopa, mwili unamwaga adrenalini, na kazi ya adrenalini ni kuukimbiza moyo. Kwa hiyo kule kuhesabu kwenyewe kunaupandisha. Mapigo ya mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, na ndani ya nafasi hiyo yanapanda na kushuka mchana kutwa bila kukuomba ruhusa.

Kuna na lile pigo linaloruka, ambalo wenzangu wengi linawatesa kuliko maumivu. Unahisi moyo umesimama, halafu linakuja pigo moja zito kama mtu amekugonga kwa ndani. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba pigo moja limewahi kabla ya wakati wake, moyo ukapumzika kidogo zaidi ya kawaida, ukajaa damu zaidi, basi pigo linalofuata likawa na nguvu. Hata watu wasio na ugonjwa wowote wa moyo wanayapata. Nilipoelezwa hivyo yalipungua makali, ingawa hayakuisha.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni karatasi. Siku ya kliniki, nikiwa nimetulia, nilimuuliza daktari: "Nikiona nini nije usiku huohuo, na nini nikisubirie?" Akanijibu, "Mama, hilo ndilo swali," akavuta karatasi tukaandika pamoja. Imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Upande wa kwenda hospitali mara moja kuna haya: maumivu ya kifua ya kukandamiza yasiyoachia hata nikipumzika, kuzirai, pumzi kukata nikilala chali mpaka niinuke kuketi, kukohoa damu, mdomo kupinda, mkono kulegea upande mmoja au maneno kukwama. Na moyo kwenda mbio ovyo, bila mpangilio wowote, usitulie hata nikikaa kimya. Hili la mwisho tulilizungumza kwa kirefu, kwa sababu vali iliyobana kama yangu inaweza kuleta mapigo ya namna hiyo, na yakiachwa damu inaweza kuganda ndani ya moyo na bonge likaenda hadi kwenye ubongo.

Upande wa pili ni wa kwenda kuonwa kesho yake, bila kusubiri tarehe ya kliniki: miguu kuvimba, uzito kuongezeka ghafla, na homa. Hapo kwenye homa naomba msikilize vizuri. Kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na duka la dawa liko jirani kuliko maabara. Mwenye tatizo la vali asinunue antibiotiki kienyeji. Aende apimwe, na atangulize kusema "nina tatizo la vali ya moyo," maana bakteria wakiingia kwenye damu wanaweza kujenga pale pale kwenye vali, na dawa ya kubahatisha inawaficha wasionekane kwenye kipimo.

Karatasi yako inaweza kutofautiana na yangu, usinakili hii. Mwombe daktari anayeijua hali yako akuandikie ya kwako.

Faida ya karatasi ni kwamba uamuzi ulishafanyika mchana, na mtu aliyetulia. Ikitokea kitu usiku, nasoma. Kikiwa kimo, tunaondoka, hakuna mjadala wala kuoneana haya. Kisipokuwemo, nasubiri nusu saa bila kugusa shingo. Ile nusu saa ya kwanza kabisa ni ngumu, siwafichi. Lakini wimbi la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi, kisha huanza kushuka lenyewe. Vidole vikifanya ganzi na midomo ikichezacheza pande zote mbili, mara nyingi ni kwa sababu unahema haraka mno na kuitoa hewa ya ukaa kupita kiasi. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko unavyoivuta. Na mikono ipe kazi. Mimi nashona vifungo, maana kifungo kinataka macho na vidole vyote.

Kuhusu simu nitasema kidogo tu: usiku si wakati wa kutafuta dalili kwenye intaneti, na zile sauti za kwenye makundi ya WhatsApp zinazotaja majani ya kusafisha mishipa zifute. Mwenzako anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, anaweza kuvuja damu kwa dawa ya majani aliyoichanganya bila kusema.

Jambo jingine ni kilima. Anayeujua mji huu anajua kutoka stesheni ya reli kupanda Mwanga ni mlima mtupu. Wenye hofu tunaacha kupanda, tunaita bodaboda hata kwa safari ya hatua chache. Misuli inalegea, halafu siku ukipanda ngazi tatu tu moyo unadunda, nawe unaona ugonjwa umezidi. Muulize daktari unaruhusiwa kiasi gani, kisha kitembee kiasi hicho kila siku. Mimi niliruhusiwa kutembea kwa mwendo ambao bado naweza kuongea sentensi nzima bila kukatisha. Napanda hivyo, nasimama nikichoka, naendelea.

Hofu inapanda zaidi safari ya vipimo inapokaribia. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na umbali huo wenyewe unamtia mtu unyonge. Ulizia hospitali ya mkoa kuhusu kambi za madaktari bingwa, kwa sababu madaktari wa taasisi hiyo huwa wanakuja mikoani. Na ukifika mbele ya daktari wa moyo, mwambie na hofu yako, usione ni jambo dogo la kumpotezea muda. Hofu ina matibabu ya mazungumzo, ina na dawa, lakini baadhi ya dawa hizo zinaathiri mapigo ya moyo, kwa hiyo lazima ajue kabla hujaanza kuzimeza.

Nanyi mnaokaa na mgonjwa: kumuuliza "unajisikiaje?" kila anapoguna kunamrudisha kifuani kila mara. Mume wangu alikuwa akiniuliza kwa mapenzi kabisa. Tukakubaliana aniulize swali moja tu: "Kiko kwenye karatasi?" Nikisema hapana, tunaendelea na habari nyingine, za watoto, za bei ya migebuka. Nikisema ndiyo, yeye anatafuta usafiri, mimi nachukua daftari la kliniki na vidonge vyangu.