Usiombe ukali, uliza mahali

Dada yangu wa Busia, umesema unatuma hadithi zako kwenye kundi la WhatsApp, unarudishiwa "hongera" na vidole gumba tu, ukauliza kama udai ukosoaji mkali. Mimi nisingeanza na ukali. Anayeandika kwa kujifurahisha, mara nyingi kinachomkuna ni msomaji kutaja mahali: "Pale konda alipomrudishia bibi ile noti ya elfu iliyochanika, nilicheka peke yangu." Hapo unajua sentensi ipi imefanya kazi. Basi waulize hivyo: ulichoka wapi? Nani hukumwelewa? Hata shemeji asiyeshika kitabu atakujibu.

Makosa ya tahajia wakutumie faraghani. Kusahihishwa "h" mbele ya kundi zima kunakera bure. Na anayekuandikia mwisho mpya (hakosekani), mshukuru, uendelee na wako.

Ukitaka kuchambuliwa hasa, ukifika Kampala pita FEMRITE, Kamwokya. Chama hicho cha waandishi wanawake kilianzishwa miaka ya 1990, na kinajulikana kwa vikao vyake vya Jumatatu vya kusomeana na kukosoana. Peleka kurasa chache tu, si riwaya nzima.