Bastola ya zamani imeshika kutu, niipige msasa?

SWALI: Habari zenu wahariri, nimerithi Luger P08 ya jeshi la Ujerumani toka kwa babu, kibali ninacho, ila ina kutu kutu na rangi imefifia, nataka niipige msasa niipake rangi upya ing'ae kama mpya, mnashauri nini?

JIBU: Kaka, msasa weka mbali kabisa tafadhali! Kwanza hakikisha haina risasi, toa magazini halafu angalia na ndani ya chemba, usiamini mdomo wa mtu.

Sasa hiyo rangi ya bluu-nyeusi iliyofifia ndo historia yenyewe, wakusanyaji wanaitafuta hiyo hiyo, na ukishaikwangua ya kiwandani hairudi tena na thamani inashuka vibaya sana. Kutu ya juu juu paka mafuta mepesi, acha yalowe, kisha sugua polepole na kitambaa laini, ikigoma rudia, usilazimishe. Ukimaliza paka nta kidogo, hata makumbusho wanafanya hivyo kwenye vyuma. Usiihifadhi kwenye ala ya ngozi maana ngozi inavuta unyevu na kutu itarudi.

Halafu cheki namba, hapa ndo patamu. P08 za jeshi vipuri vidogo vingi viligongwa tarakimu 2 za mwisho za namba ya bastola, zikilingana zote una kitu cha maana sana mkononi, kwa hiyo usibadilishe hata kipuri kimoja. Na kuipiga risasi hapana, chuma cha umri huo kinaweza kupasuka.