Kanzidata ya duka: anza na daftari

SWALI: Shikamoo kaka. Nauza khanga na vitenge kwa jumla Kariakoo, na mwaka jana nilifungua tawi Mbagala. Mauzo tunaandika kwenye faili la Excel tunalotumiana kwa WhatsApp. Sasa yapo mafaili manne, kila moja na hesabu yake. Kijana mmoja ananishauri nilipie kanzidata ya mtandaoni, kwa dola, kila mwezi. Zipo nyingi. Nichukue ipi?
Mama Khanga, Kariakoo

JIBU: Marahaba, dada. Usilipe bado.

Jioni moja mkishafunga, kaa na wauzaji wako muandike maswali mnayoulizana kila siku. Zimebaki doti ngapi Mbagala? Nani anadaiwa, tangu lini? Mzigo upi umelala stoo? Kanzidata, yaani mfumo wa kompyuta unaotunza taarifa kwenye majedwali yanayounganishwa, hujengwa ili ijibu maswali hayo, na fundi asiyeyajua atakujengea duka la mtu mwingine.

Kisha tazameni daftari lenyewe, yaani hayo mafaili yenu ya Excel. Naamini mmeandika "Mgeni njoo, 20". Nyekundu au buluu? Kwenye jedwali la bidhaa kila rangi itakuwa na mstari wake na namba yake, na jedwali la mauzo litataja namba hiyo. Wateja nao ni hivyo hivyo: "Mama Asha", "M. Asha Tandika" na "Bi Asha" huenda ni mtu mmoja mwenye madeni matatu. Mpe namba ya mteja. Namba ya simu peke yake haitoshi, maana watu hubadilisha laini, na Excel usipoiambia kwamba ni maandishi, huimeza ile sifuri ya mwanzo.

Kwa biashara yako, ambapo bidhaa, wateja, mauzo na madeni vinashikana, ningechukua PostgreSQL au MySQL (toleo lake la Community), ambazo ni programu za kanzidata. Zote hazina ada ya leseni. Utalipia seva, yaani kompyuta itakayotunza data, na fundi. Zikipangwa vizuri, na mtandao ukiwepo, Kariakoo na Mbagala hawawezi kuuza doti ile ile ya mwisho kwa wakati mmoja: muamala wa kwanza ukikamilika, wa pili unakataliwa.

Lakini kabla ya jina la kanzidata, muulize kijana wako: "Nitatoaje data zangu?" Nililijua hili kwa uchungu. Duka moja la vipuri Gerezani nililokuwa nalisaidia lilitaka kuhama mfumo, mwenye mfumo akasema data hazitoki. Tulikaa siku tisa tukinakili madeni kutoka kwenye kioo cha kompyuta, mmoja anasoma, mwingine anaandika. Mwambie akuonyeshe leo, mbele yako, data zote zikitoka kwenye faili la CSV, ambalo hata Excel hulifungua. Akuonyeshe pia nakala rudufu (backup) ya jana ikirudishwa ikafanya kazi. Nakala ambayo hakuna aliyewahi kuirudisha mimi siihesabu.

Intaneti nayo ifikirie. Mei 2024 kebo za chini ya bahari zilipokatika, mtandao ulizorota nchi nzima. Programu ya dukani itunze mauzo kwenye simu au kompyuta, iyapandishe mtandao ukirudi. Kitabu cha risiti kibaki droo ya kaunta.

Mwisho, majina na simu za wateja ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu wewe mwenye duka, na kupeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa hiyo uliza seva ipo nchi gani, na uulizie usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wiki hii fanya kazi moja tu: hesabuni stoo zote mbili usiku mmoja, rangi kwa rangi. Hesabu hiyo ndiyo itakayoingia kwanza. Yale mafaili manne yaweke kando, utayahitaji kwenye madeni.