Umenunua nyumba vijijini Pennsylvania? Ongea na jirani kabla ya msimu wa kuwinda

Ndugu zangu mliohama mjini mkaja huku mashambani, Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu ya mwishoni mwa Novemba, msimu wa kulungu kwa bunduki unafunguliwa, na kabla jua halijatoka milio inaanza, watoto wanashtuka, mbwa anajificha chini ya kitanda, nawe unataka kutoka ukagombane na mtu.

Usitoke! Mbali na hatari ya risasi, kumharibia mwindaji shughuli yake makusudi ni kosa kisheria, ukienda kupiga kelele msituni kulungu wakimbie basi kesi inaweza kukugeukia wewe.

Mshike hii: yadi 150, kama mita 137 hivi. Mwenye bunduki haruhusiwi kuwinda ndani ya umbali huo kutoka nyumba inayokaliwa bila ruhusa ya wanaokaa humo, hata kama amesimama kwenye shamba la jirani na jirani kamruhusu. Wa upinde ni yadi 50. Wengi wanadhani mpaka wa shamba ndo unamaliza kila kitu, wapi.

Kwetu sisi, kiti cha wawindaji cha juu ya mti kwenye shamba la jirani kilikuwa kinatazama dirisha la jikoni kabisa. Nikapima kwa ramani ya simu, mwezi wa kumi nikaenda kwa mzee mwenye shamba, sikuanza na sheria, nilimuuliza nani anawinda kwake na anakaa wapi. Tukaenda wote mpaka chini ya ule mti, nikamwonyesha kwa kidole sinki ambapo mke wangu anaosha vyombo. Mzee akanyamaza, akampigia mpwa wake palepale, kiti kikahamishwa upande wa pili wa kilima. Siku hizi wananitumia meseji kabla hawajaingia.

Mipaka yako paka miti rangi ya zambarau, tangu 2020 inahesabika sawa na kibao cha usiingie, na haing'olewi na upepo. Watoto wakicheza nje wavalishe vizibao vya chungwa.

Asiyesikia, piga picha ya gari lake, andika saa, pigia Game Commission, idara ya jimbo inayosimamia uwindaji, na kama risasi imekuja upande wa nyumba ni 911 moja kwa moja. Ila akigonga mlango kistaarabu anaomba kumfuata kulungu aliyejeruhiwa kakimbilia kwako, mruhusu jamani, mnyama asiteseke usiku kucha.