Muulize Fundi: Bampa limepakwa rangi, mwanya umebaki

*Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya rangi ya fedha. Mwezi wa nne nikiwa kwenye foleni Ubungo, pikapu ilinigonga kwa nyuma. Dereva aliniomba tusifikishane polisi, akanipa shilingi 250,000 palepale. Gereji ya mtaani wakajaza puti na kupiga rangi siku hiyohiyo. Sasa rangi inabanduka kama magamba ya samaki, upande wa kulia kati ya bampa na madigadi kidole kinapita, na mvua ikinyesha nakuta maji kwenye shimo la tairi la spea. Mlango wa nyuma haufungi mpaka niubamize mara mbili. Fundi ananiambia bampa likishagongwa ndiyo basi, halirudi kama zamani. Ninunue jingine?*
*Msomaji, Tabata*

Marahaba mwanangu. Bampa usinunue kwanza. Ukilinunua leo, mwanya utaukuta palepale, na maji utaendelea kuyakomba.

Rangi inayobanduka ni tatizo dogo. Kilichonishtua kwenye barua yako ni yale maji na ule mlango. Bampa ni ganda la plastiki tu. Nyuma yake kwenye magari mengi kuna boya gumu la povu, kisha chuma cha kupokea kishindo, kisha paneli ya nyuma ambayo mlango unajifungia juu yake. Plastiki ikigongwa hubonyea halafu ikajirudisha. Chuma kilicho nyuma yake hakijirudishi. Ndiyo maana gari linaweza kuonekana limekwaruzwa tu, kumbe ndani paneli imesogea. Ikisogea, chuma cha kufungia kilicho chini kwenye paneli hakikutani na loku ya mlango sawasawa, raba ya mlango inabanwa upande mmoja na kulegea upande wa pili, na pale sakafu ilipoungwa na paneli silanti, ile gundi ya kuziba maungio, inapasuka. Maji yanapita hapo. Kwa hali ya hewa yetu ya Dar, chumvi ya bahari na joto, shimo lile litaanza kula kutu mapema.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa kung'oa bampa. Ni skrubu chache chini na kwenye matao ya matairi, pamoja na klipu. Fundi aliyezoea haimchukui muda. Simama hapo uone kwa macho yako na upige picha. Inua zulia la nyuma, toa tairi la spea, tazama kama sakafu ina mikunjo au silanti iliyopasuka. Kisha mwambie fundi apime mshazari wa uwazi wa mlango kwa futi: kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana, paneli inatakiwa kuvutwa irudi kule ilikotoka, kwa mashine ya kuvutia na taratibu, si kwa nyundo. Chuma cha kupokea kishindo kikiwa kimekunjika, kibadilishe. Usikubali kichomwe moto kinyooshwe, maana chuma hicho hupoteza nguvu yake, na siku ya kugongwa tena utakuwa umebeba pambo. Maungio yakishakaa sawa yazibwe kwa silanti ya magari. Silikoni ya bafuni haishiki rangi, na nimekuta kutu chini yake mara nyingi mno.

Mwanya wa kulia nao nina wasiwasi una sababu ya pili. Pembeni mwa bampa kuna vishikizo vya plastiki vilivyofungwa kwenye madigadi. Kwenye ajali huvunjika, na fundi mwenye haraka hupiga skrubu usoni mwa bampa ili lishike. Vishikizo hivyo vinauzwa peke yake, na kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, hapa Dar, utavipata vya mtumba. Nunua cha upande wako na klipu mpya.

Sasa rangi. Geuza bampa utazame kwa ndani, utaona herufi zimechapwa kwenye plastiki. Mara nyingi ni PP, yaani polipropilini, nayo haishiki kitu kwa urahisi. Puti ya kawaida ya bodi imetengenezwa kwa ajili ya chuma. Ukiipaka kwenye PP inakaa juu juu, na bampa likitikisika inapasuka. Ninayasema haya kwa uchungu, kwa sababu mwaka 2009 nilimkabidhi mteja gari lililopakwa hivyohivyo, nikiamini nimefanya kazi nzuri. Baada ya wiki tano alirudi na kipande cha rangi mkononi. Nilirudia kazi yote kwa fedha yangu.

Bampa lako kama halijapasuka vibaya linafaa bado. Puti yote ikwanguliwe. Palipobonyea papashwe moto kwa maji ya moto au mashine ya hewa ya moto, pasukumwe kutoka ndani. Nyufa zichomelewe kwa fimbo ya plastiki ya aina ileile, PP kwa PP. Baada ya hapo ni sabuni, msasa, praima ya plastiki, puti ya plastiki kidogo sana pale tu inapohitajika, rangi, halafu klia, ile rangi angavu ya juu. Rangi wasikisie kwa jicho. Kwenye kibati cha gari kuna namba ya rangi, mathalani 1F7 kwa fedha au 070 kwa nyeupe ya lulu, na muuza rangi huchanganya kwa namba hiyo. Fedha ni rangi ngumu: chembe zake hulala kulingana na mkono wa mpigaji, basi wajaribishe kwanza kwenye kibao wakilinganishe na madigadi juani. Kazi hii haiishi siku moja.

Kuhusu aliyekugonga: kama ulisaini karatasi ya kumalizana, kumrudia itakuwa vigumu. Kama hukusaini, mpigie ukiwa na picha za ndani. Siku nyingine usipokee fedha kabla bampa halijang'olewa. Piga picha ya namba ya gari lake, uihakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na uite trafiki, kwa sababu bila ripoti ya polisi madai ya bima hukwama.

Kabla hujamlipa fundi salio, omba mpira wa maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi, zulia likiwa limetolewa, mwingine amwagie mlango wa nyuma kwa dakika kumi kuanzia chini kwenda juu. Likiingia tone hata moja, gari libaki gereji.