Huyu mtumishi mmemwongeza nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri mwongozo wa watunga programu wanaotumia seva ya saraka, yaani orodha ya watu na vifaa vya ofisi, inayofikiwa kwa itifaki ya LDAP. Kuna funksheni iitwayo ldap_add, inayoweka ingizo jipya, tuseme mtumishi aliyeajiriwa leo. Niandike "kuongeza mtumiaji", kama simu zetu zinavyoandika, au "kuingiza"? Vijana ofisini wao husema "kumuadi", kutoka "add" ya Kiingereza, basi.

Jibu: Marahaba. Nianze na vijana, maana hao nimekwisha kuwasamehe. "Niadi kwenye grupu" imeota mizizi, na angalau neno lenyewe halijidai. Limevaa kandambili na linajua limevaa kandambili.

Ugomvi wangu uko na "ongeza", linalopita mbele ya wahariri bila kuulizwa kitambulisho. Kuongeza ni kuzidisha kilichopo. Ongeza sauti: redio inasikika, ila wewe umekaa mbali. Ongeza chumvi: chumvi imo, haijatosha. Mpishi ambaye hajaigusa kabisa huambiwa atie chumvi. Ukimwambia aongeze, atakujibu kuwa hajatia hata punje, na atakuwa na haki ya kukununia. Sasa ofisi inatangaza, "Tumemwongeza mtumishi mpya." Mswahili anatega sikio angoje kinachofuata. Mmemwongeza nini? Mshahara? Siku za likizo? Kimya. Mtumishi naye amesimama mlangoni, hajui kama ashukuru au aingie.

Ajabu ni kwamba seva inaielewa tofauti hii kuliko watafsiri. Ita ldap_add kwa jina ambalo tayari limo, itakurudishia kosa namba 68: ingizo hilo lipo. Yaani funksheni hii hudai kitu kisiwepo, wakati kuongeza kunadai kiwepo. Baada ya hapo, anayeng'ang'ania "ongeza" anabishana na mashine, wala si nami.

Sisemi neno lifukuzwe. Lugha ya programu ya PHP ina ldap_mod_add, ambayo humwendea mtumishi aliyemo ndani ya saraka na kumpa, kwa mfano, namba ya pili ya simu. Asipokuwemo, unapata kosa namba 32. Hapo ndipo mahali pake halali, tena kwa kauli ya kutendea: kumwongezea namba ya simu. Kwamba Kiingereza kimebana kazi zote mbili ndani ya kitenzi kimoja ni shida ya wenyewe, hatukuagizwa tuirithi.

Basi andika "kuingiza". Ni "ingia" iliyopewa kauli ya kusababisha, na "ingizo" limetoka humo humo, kwa hiyo funksheni na kinachoingizwa vitaonekana ni ndugu. "Kusajili", tuliyoipata kwa Waarabu, inafaa kwa watu, lakini saraka hiyo hiyo huhifadhi idara, vikundi na printa, na sitaki kuishi mpaka nisome kuwa printa imesajiliwa.

Ukifika sehemu ya lugha ya C, punguza mwendo. Katika RFC 1823, waraka wa mwaka 1995 unaoeleza funksheni za LDAP kwa lugha hiyo, ldap_add hupeleka ombi tu na kukurudishia namba ya ujumbe. Jibu la seva utalifuata mwenyewe kwa ldap_result. Inayosubiri mpaka seva ijibu ni ldap_add_s. Ya kwanza iandikie "hutuma ombi la kuingiza", ya pili "huingiza na kusubiri jibu". Ukiziandikia zote mbili "imeingiza", mtunga programu atakuamini, na kosa namba 68 litarudi likute ameshakwenda kunywa chai.