Mipindo laini kwenye ruta ya CNC: usikimbilie msasa

Mbuzi ya nazi ya kwanza niliyoikata kwa ruta yangu ya CNC, mashine inayochonga mbao kwa biti inayozunguka huku ikiongozwa na kompyuta, nilimpelekea mama mkwe. Kwa macho ilipendeza kweli, mninga safi usio na kifundo. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo, pale kikalio kinapoanza kubana kuelekea kwenye chuma. Kidole kikasimama njiani.

"Mwanangu, mbona huku kuna vigongo? Vitanishika khanga."

Nikamjibu ni msasa tu haujatosha, nikairudisha nyumbani. Nikapiga msasa karibu saa nzima. Vigongo vikapungua, vikageuka mabonde, kisha ukingo wote ukawa na mawimbi mabaya kuliko mwanzo. Ndipo nikachukua penseli na kuweka alama kila nilipohisi kigongo. Alama zilikuwa tisa, na nafasi kati yao karibu sawasawa. Biti butu haiharibu kwa mpangilio namna hiyo. Kosa lilikuwa kwenye mchoro.

Nilichokuwa nimefanya ni hiki: nilipiga picha mbuzi ya zamani, nikaiachia Inkscape, programu ya kuchora, iufuate ukingo yenyewe, nikahifadhi kama DXF, aina ya faili la mchoro, nikaingiza kwenye programu ya kutengeneza njia za biti. Mahali fulani katika safari hiyo mpindo ulikatwa vipande vifupi vya mistari iliyonyooka. Kwenye skrini huoni. Kidole kinaona.

Fanya hesabu kidogo. Duara lenye nusu kipenyo cha mm 100 likikatwa vipande 36, kila kipande kina urefu wa karibu mm 17, na katikati yake kimeliacha duara la kweli kwa mm 0.38. Ukiongeza vipande hadi 72, kosa linashuka hadi karibu mm 0.1. Mtu atasema mm 0.1 kwenye mbao ni nini? Shida ni kwamba kidole hakipimi kina, kinahisi kona. Vipande 36 ni kona 36, kila moja ya nyuzi 10. Ili kosa liwe mm 0.01 unahitaji vipande kama 222.

Basi nikafanya kosa la pili, la kukata mpindo vipande vidogo mno. Mashine yangu inaendeshwa na bodi ndogo ya Arduino yenye GRBL, programu inayosoma maagizo na kuzungusha mota, na kompyuta inaipelekea maagizo kwa waya wa USB kwa kasi ya 115200, yaani herufi kama 11,500 kwa sekunde. Vipande vya mm 0.05 kwa mwendo wa mm 1500 kwa dakika vinadai mistari 500 ya maagizo kila sekunde. Kila mstari ukiwa na herufi ishirini na kitu, waya umejaa pomoni. Mashine ikawa inakwenda kwa kushtukashtuka, biti inasugua mahali pamoja, ukingo ukatoka na madoa meusi ya kuungua.

Dawa ni kuiambia mashine ukweli: hili ni tao, si rundo la mistari. Maagizo ya G2 na G3 yanachora tao zima kwa mstari mmoja, wakati G1 inajua kunyooka tu. GRBL huligawa tao yenyewe huko ndani, na ukiiacha na mpangilio wake wa kawaida wa $12, ule wa usahihi wa matao, inalinda kosa lisizidi mm 0.002. Fungua faili lako la G-code, yaani la maagizo hayo ya mashine, kwa kihariri chochote cha maandishi kabla ya kufunga ubao. Ukiona G1 mamia kwa mamia mahali ulipochora robo duara, rudi kwenye mpangilio wa kutoa faili utafute palipoandikwa kuhusu matao.

Ila hata matao hayawezi kuokoa mchoro mbovu. Ile kazi ya kufuata picha ilikuwa imeniwekea pointi 41 upande mmoja wa kikalio. Kila pointi ni mahali ambapo mpindo unaweza kukosea. Nilijaribu Ctrl+L, ile amri ya kurahisisha, ikapunguza pointi lakini ikala na umbo. Mwishowe nikafuta zote, nikachora upya juu ya picha kwa pointi tano tu: mwanzo, mwisho, pale umbo linapopanuka kabisa, pale linapobana kabisa, na pale mpindo unapogeuka kutoka kuvimba kuwa kubonyea. Mikono miwili ya kila pointi ya kati, ile mistari midogo unayoivuta kuupinda mpindo, iwe kwenye mstari mmoja, na urefu wa mkono uanzie kama theluthi ya umbali wa kwenda pointi inayofuata. Baada ya hapo vuta kwa jicho.

Hili si geni Pwani. Mafundi wa majahazi hupinda upapi, ubao mwembamba, wakaubana mahali pachache, na upapi wenyewe unachagua njia laini kati ya hapo. Ukiubana mahali pengi unaanza kupiga mawimbi. Splaini za kompyuta, mipindo laini inayopitishwa kwenye pointi chache, zimepata jina kutokana na upapi wa namna hiyohiyo wa waundaji meli. Hii mipindo ya mikono miwili nayo ilizaliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa, Paul de Casteljau akiwa Citroën mwaka 1959 na Pierre Bézier akiwa Renault miaka michache baadaye, wote wakihangaikia mabodi ya magari.

Kwa mafundi hao hao nimeiba na namna ya kukagua. Fundi akitaka kujua kama ukingo uko sawa, hufumba jicho moja akachungulia ubao kutoka kichwani. Anachofanya ni kuufupisha urefu huku upana ukibaki ulivyo, na kila kigongo kinajitokeza. Kwenye kompyuta fanya vivyo hivyo: nakili mchoro, bana urefu wake uwe moja ya kumi, upana usiuguse. Mpindo uliodhani ni laini utakuonyesha nundu zote. Mimi sikati kitu sasa bila kufanya hivi.

Jambo jingine lililonichelewesha ni maungio ya mstari ulionyooka na tao. Unaweza kuyaunganisha bila kona yoyote, na bado ukishapaka vanishi mwanga unakatika palepale, kwa sababu mpindo umeanza ghafla badala ya kuingia polepole. Mashine nyepesi nayo hutikisika kidogo hapo. Kwa hiyo penye kukaa mkono au paja natumia splaini, na penye bolti natumia matao, yanatosha.

Kona za ndani: biti ya mm 6 haiwezi kukata kona ndogo kuliko nusu kipenyo cha mm 3. Usichore 3 kamili, maana biti itafika ikasimama na kuunguza. Chora 4 ipite inatembea.

Na kabla ya kuulaumu mchoro, kata duara la mm 100 kwenye kipande cha MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Alama zikitokea sehemu nne tu, kama saa 3, 6, 9 na 12 kwenye uso wa saa, hiyo ni mashine: mhimili unapogeuza mwendo una ulegevu, kaza skrubu au mkanda. Zikizunguka duara lote kwa nafasi sawa, rudi kwenye mchoro. Zikiwa upande mmoja tu, angalia kama ubao umebanwa vizuri. Mimi pia huacha mm 0.3 pembeni, kisha biti inarudi mara ya mwisho kuzitoa peke yake.

Mbuzi ya pili nilimpelekea bila maneno mengi. Kidole gumba kikapita ukingo mzima bila kusimama. Kikaendelea hadi kwenye chuma.

"Meno haya butu," akasema.

Hilo nikampelekea fundi chuma.